Kiolezo na Stakabadhi ya Mwananchi

Mfanyabiashara wa soko la Buguruni, jijini Dar es Salaam, anapolipa ada au ankara ya taasisi ya umma, huandika kumbukumbu namba katika simu yake, huthibitisha kiasi, na baada ya muda mfupi hupata ujumbe kwamba fedha zimepokelewa. Machoni pake ni tendo moja. Kwa kweli mashine kadhaa zimeandikiana barua, na lau barua moja ingaliandikwa vibaya, malipo yake yasingalitambuliwa.

Mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, ujulikanao kwa kifupi GePG, ulianza kazi mwaka 2017. Kwa mujibu wa maelekezo waliyopewa waunda programu wa taasisi, barua hizo ziliandikwa kwa XML, yaani utaratibu wa kuandika habari uliopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwezi Februari 1998. Katika XML habari kwa kawaida hukaa kati ya lebo mbili: moja huifungua, nyingine huifunga.

Programu itaandikaje barua hizo? Njia iliyo nyepesi kueleweka ni kutumia kiolezo. Mwalimu anaweza kuifananisha na kitabu cha stakabadhi: maneno ya kudumu yamekwisha kuchapwa, na karani hujaza nafasi tupu za jina, kiasi na tarehe. Hali kadhalika, kiolezo cha XML kina lebo zilizokwisha kupangwa, na programu hujaza nafasi kwa habari kutoka hazina yake. Faida yake ni kubwa. Mtu huweza kuiona barua nzima kwa mtazamo mmoja, na mpangilio ukibadilika hurekebishwa kiolezo tu, bila kugusa hesabu za programu.

Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo haifai kupuuzwa. Karani ana akili, kiolezo hakina. Tuseme duka limeandikishwa kwa jina la Juma & Wanawe. Kwenye karatasi hakuna dosari. Lakini katika XML alama & ina kazi maalumu, na ikiachwa peke yake barua nzima huwa batili. Kanuni haziiruhusu mashine inayoisoma kubahatisha maana. Yapasa isimame na kutoa taarifa ya kosa. Sharti jina hilo liandikwe hivi: Juma &amp; Wanawe. Alama < nayo hugeuzwa kuwa &lt;. Baya zaidi, mtu mwenye hila aweza kujiandikisha kwa jina lenye lebo ndani yake, na kiolezo kisichokagua kikaingiza katika barua habari ambayo taasisi haikukusudia kuisema.

Jambo la pili ni sahihi ya kidijitali. Barua za malipo hutiwa sahihi inayokokotolewa kutokana na herufi zake zenyewe. Kwa hiyo fundi anayenyoosha mistari ya kiolezo ili ipendeze, baada ya sahihi kukokotolewa, aweza kuibatilisha kwa nafasi moja tu tupu.

Kwa sababu hizo baadhi ya wataalamu hushauri violezo viachwe kabisa, na kila lebo ijengwe na programu, moja baada ya moja. Hoja yao ina uzito, lakini inakwenda mbali mno. Programu ya namna hiyo huwa ndefu, na umbo la barua hufichika ndani yake. Anayerithi kazi hulazimika kukisia kilichokusudiwa. Hakuna atupaye kitabu cha stakabadhi kwa sababu karani mmoja alikosea kukijaza.

Lililo bora ni kutumia violezo kwa masharti. Kwanza, alama zenye kazi maalumu zigeuzwe na chombo cha violezo chenyewe, kila mara, bila kutegemea kumbukumbu ya fundi. Pili, kiolezo kisifanye hesabu. Kipokee majibu yaliyokwisha kupatikana. Tatu, barua ikaguliwe kwa kanuni za mpangilio wake kabla ya kutiwa sahihi, na baada ya sahihi isiguswe tena.

Mafunzo haya hayahitaji mashine ya gharama. Mwalimu wa sekondari aweza kuchora kiolezo ubaoni, akawapa wanafunzi majina yenye alama & na <, kisha akawauliza ni barua ipi itakayosomeka na ipi itakayokataliwa. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza swali hilo mapema hatakuja kuandika programu kwa kudhani kwamba majina yote ya watu ni mepesi. Na mfanyabiashara wa Buguruni, asiyejua XML wala kuhitaji kuijua, atapata stakabadhi yake hata kama duka lake linaitwa Juma & Wanawe.