Filimbi Hununuliwa Mara Mbili



Mwalimu mmoja wa Kipsongo, Kitale, ameniletea swali ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwa maana wengi wetu huagiza vitu kwa mafundi, na wengi hukosana nao. Asema kwamba mwezi wa Novemba aliagiza filimbi sita za mti kwa fundi jirani yake, ili watoto wazipige katika mashindano ya muziki ya shule. Alilipa arbuni ya nusu ya bei. Filimbi zikaja katikati ya Januari, nzuri za kupendeza. Siku ile ile watoto walizipiga tangu saa nane hata saa kumi na moja, kisha zikawekwa dirishani, chini ya mabati. Kabla ya mwezi kwisha mbili zilikuwa zimepasuka, na zile nne zilizosalia hazipatani sauti. Sasa mwalimu amezuia nusu ya pili ya fedha, fundi anaidai, na wake zao, waliokuwa wakienda sokoni pamoja, hawasalimiani. Auliza: haki ni ya nani?

Bwana Mwalimu, filimbi hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha, mara ya pili kwa matunzo. Na tuyatazame yote mawili kabla ya kuhukumu.

Kwanza, kuagiza. Si kila filimbi iliyo njema hupatana na nyingine. Wadigo wa Pwani wana chivoti chao cha mwanzi, chenye matundu sita ya vidole. Wateso wana auleru. Wakikuyu wana muturiru. Kila moja hufuata nyimbo za watu wake, wala haikufanywa ili iambatane na kinanda. Kwa hiyo mtu akimwambia fundi, "Nifanyie filimbi," bado hajasema neno. Yampasa aseme itapigwa peke yake au pamoja na nyingine, na kama itafuata kinanda au rekoda za shule. Vyombo vingi vya namna hiyo hufuata kipimo cha mitetemo 440 kwa sekunde, kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Lililo bora ni kumpelekea fundi rekoda moja ya shule, aisikilize kwa masikio yake mwenyewe.

Tena, apelekewe mkono wa mpigaji. Filimbi ndefu hutoa sauti nzito, lakini matundu yake huwa mbalimbali, na vidole vya mtoto wa miaka kumi havifiki. Weka kiganja cha mtoto juu ya karatasi, uchore kukizunguka kwa kalamu, umpe fundi karatasi ile. Ni kazi ya dakika moja, nayo huokoa mti mzima.

La tatu ni muda. Mti mbichi ukitobolewa leo na kupigwa kesho, utapasuka. Fundi mwangalifu hukata vipande, hupaka nta kwenye ncha zake ili unyevu usitoke kwa ghafula, kisha huviacha kivulini vikauke polepole. Mpingo, ambao Wazungu huutumia kwa klarineti na oboe zao, huchukua miaka 70 au zaidi kukua hata ufae kukatwa, na hata baada ya kukatwa hukauka kwa taratibu sana. Basi tusimharakishe fundi kwa sababu ya tarehe ya mashindano. Anayetaka filimbi za muhula wa pili na aagize mapema, na aulize waziwazi, "Mti huu ulikatwa lini?"

Na yote haya yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe wa fedha katika simu huthibitisha kwamba fedha zilikwenda. Hausemi zilikwenda kwa ajili ya nini. Karatasi moja yenye idadi ya filimbi, aina ya mti, sauti inayotakiwa, bei, arbuni na tarehe, ikitiwa sahihi na wote wawili, ni ulinzi kwa mnunuzi na kwa fundi pia. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yamlinda mnunuzi aliyemjulisha mfanya biashara kazi anayokitakia kitu, akautegemea ustadi wake. Lakini lazima awe amemjulisha.

Pili, matunzo. Pumzi ya mtu ina joto na maji. Filimbi mpya ikipigwa kwa saa nyingi, mti wa ndani hulowa na kuvimba, na wa nje ungali mkavu; ndipo hupasuka. Kiangazi chetu cha Kitale, cha Desemba hata Februari, huzidisha hatari hiyo kwa sababu hewa ni kavu. Kwa hiyo juma la kwanza filimbi ipigwe dakika kumi tu kwa siku, kisha iongezwe kidogo kidogo. Kila ikiisha kupigwa, ipitishwe ndani kitambaa laini kilichofungwa kwenye kijiti. Isiwekwe juani, wala dirishani, wala juu ya meko. Iwekwe ndani ya mfuko wa kitambaa, mahali pa kivuli.

Mara kwa mara ipakwe mafuta kidogo, ikiwa kavu. Mafuta ya lozi yafaa, na ya mbegu za kitani pia. Lakini yale ya kitani yauzwayo katika maduka ya rangi mara nyingi yametiwa dawa ya kukausha, nayo haifai kwa kitu kiguswacho na midomo. Ulizia yaliyo safi, yasiyotiwa kitu. Na kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa pembeni, kwa sababu chaweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Kitandazwe nje kikauke.

Basi, Bwana Mwalimu, hukumu yangu ni hii. Ufa wa zile mbili, kwa maelezo yako mwenyewe, naona umetoka katika saa tatu za siku ya kwanza na katika lile dirisha. Huo ni wako. Kutopatana sauti ni kwenu wote wawili: wewe hukueleza, naye hakuuliza. Mlipe nusu yake iliyobaki. Naye azitengeneze zile nne bila malipo, kwani dawa ipo: tundu likipanuliwa kidogo sauti hupanda, likizibwa upande kwa nta sauti hushuka. Zilizopasuka zifungwe uzi uliopakwa nta. Filimbi nyingi za mwanzi hufungwa hivyo hata zikiwa mpya. Gharama ya uzi na nta mgawane.

Usidhani nampendelea fundi. Mtu wa namna hii hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Hula kwa kila kazi aagizwayo. Mkimkatia fedha, kesho atachonga vigoda peke yake, kwa kuwa kigoda hakidaiwi sauti. Hapo watoto wa Kipsongo watabaki na filimbi za plastiki kutoka dukani, ambazo hazipasuki, lakini hakuna mtu wa jirani ajuaye kuzifanya.

Nenda kwake kabla ya mvua za Machi, uchukue fedha, rekoda na ile karatasi ya kiganja. Na mkeo aende pamoja nawe.

Wenu,
Karani