Mofimu -ngali- na Mwana wa Mjomba: Filamu za Talaka Zitazamwapo Chiwata

Filamu za familia zitokazo Marekani zina kisa wanachokipenda sana watunzi wake: watoto huchukua jukumu la kuiokoa ndoa ya wazazi wao. Katika The Parent Trap (1961, na tena 1998) mapacha hubadilishana nyumba ili wazazi waliotalikiana warudiane. Katika Back to the Future (1985) kijana hujikuta amerudi mwaka 1955, na asipohakikisha kwamba baba na mama yake wanapendana, hatazaliwa. Visa hivyo viwili vikiunganishwa, hupatikana cha tatu: watoto wanaosafiri nyuma ya wakati ili kuizuia talaka.

Kisarufi, kisa hicho ni sentensi moja ya masharti iliyorefushwa: 'Wasingaliachana, tungaliishi pamoja.' Mofimu -ngali- humwonyesha msemaji sharti lililokwisha kupita na kumkataza kuligusa. Mashine ya wakati humpa ruhusa. Hadi hapo mfasiri hana taabu. Taabu imo katika neno 'pamoja'. Pamoja na nani?

Chiwata, wilayani Masasi, kando ya uwanda wa juu wa Makonde, jibu si jepesi. Wayao, Wamakua na Wamakonde kwa jadi hufuata ukoo wa mama. Miongoni mwa Wayao, akina mama na watoto wao walio chini ya kaka yao huitwa mbumba, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mume ndiye ahamiaye ukweni, na ndoa ikivunjika ndiye afungashaye. Mtoto habanduki. Akirudishwa nyuma kwa mashine ya wakati, atamkuta baba mgeni na mjomba mwenyeji. Watunzi wa filamu zile wanachukulia kwamba nyumba ya mtoto ni ndoa ya wazazi wake. Hilo ni dai la utamaduni mmoja, wala si la watu wote.

Hata hivyo, haifai kuisifu jadi kana kwamba haikuguswa. Misheni ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere (yuleyule mwanasarufi wa Kiswahili) na fundisho la ndoa isiyovunjwa; Uislamu nao una talaka yake na haki zake za baba. Kisha ukaja mkorosho. Muhogo huvunwa ukaisha, lakini mkorosho huzaa kwa miongo mingi, na baba aliyeupanda katika ardhi ya wakwe hutaka wanawe, si wapwa zake, wairithi jasho lake. Baba huyo akiondoka, mtoto hupoteza kitu ambacho mjomba hawezi kukirudisha.

Kiswahili kinamsaidia vipi mtoto huyo? Kidogo mno. Mume huacha, mke huachwa, wawili huachana. Mnyambuliko wote umegawanywa kwa watu wazima. Yuko mtalaka, yuko mtoto wa kambo, lakini wa kambo huzaliwa na ndoa mpya, si na talaka. Kwa mtoto aliyesimama katikati, hakuna jina.

Upungufu huu hufika mahakamani. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka yazingatiwe maslahi ya mtoto, maoni yake iwapo umri unamruhusu, na desturi za jamii yake. Lakini tamko la sheria za mila la 1963 liliandikwa kwa ajili ya jamii zifuatazo ukoo wa baba. Mila za ukoo wa mama hubaki kuthibitishwa kwa vinywa vya mashahidi. Na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo 'Mtoto atakaa na nani?' na 'Mtoto ni wa nani?' si swali moja. La kwanza huulizia chakula na malazi. La pili, kwa mzee wa Chiwata, lilikwisha kujibiwa siku mtoto alipozaliwa. Mkalimani anayeyachanganya huweza kumfanya shahidi aonekane anajipinga.

Watunzi wa filamu za Kiswahili wanaotamani kisa hiki wasikiazime kizima. Wamrudishe mtoto nyuma, ndiyo, lakini wampeleke kwanza barazani kwa mjomba, siku posa inapojadiliwa na shamba la mikorosho bado ni pori. Wanaisimu nao wanayo kazi kabla ya kamera kuwashwa: kurekodi jinsi watoto wenyewe wa Masasi na Newala wanavyosema wazazi wao wanapoachana, ni kitenzi gani wanachokitumia, na nani wanayemfanya kiima.