Kitabu cha Sadaka Kisomwe Mbele ya Watu

Msimu wa kahawa ukiingia, hata kanisa la kaya kumi na tano hushika fedha. Aliyelipwa na AMCOS, ushirika wetu wa mazao, huleta fungu la kumi la mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, mwingine hutoa shukrani kwa mtoto aliyepona, na kina mama waliokuwa wakitia sarafu tangu Januari sasa hutia noti. Kisha mvua huanza, mbolea inadaiwa, ada zinadaiwa, na kikapu hurudi mbele kikiwa chepesi mpaka kahawa nyingine iive. Matumizi ya fedha ya miezi hii michache ndiyo yanayoamua kama bati litapanda juu, kama mjane atakumbukwa wakati wa masika, na kama mchungaji atabaki nasi au ataondoka kimyakimya. Kwa sababu hiyo naleta wito huu sasa, kwa ndugu wa makanisa madogo yanayojitegemea hapa Kitura, kwenye vilima vyote vya Umatengo, na kule chini ziwani, Liuli, Mbamba Bay na Lituhi: kila kanisa lisome hesabu zake kwa sauti mbele ya waumini wote, msimu huu huu.

Nawalenga wadogo kwa makusudi. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, na Waanglikana wa misheni ya UMCA waliufikia mwambao wetu kutoka kisiwa cha Likoma. Nyuma yao kuna askofu, kuna ofisi ya jimbo, kuna mtu mwenye mamlaka ya kumhamisha padri au kasisi aliyekosana na watu. Sisi tuliochagua kusimama wenyewe tunasema kichwa cha kanisa ni Kristo peke yake, na tunasema kweli. Ila mchungaji na mhazini wetu wakigombana Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi hakuna gari litakalokuja kutoka jimboni kuamua. Tutaamua wenyewe, na kama hakuna kilichoandikwa tutaamua kwa ukoo na kwa urafiki, halafu nusu yetu tutahamia kwenye sebule ya mtu na kuanzisha kanisa jingine. Kanisa lisilo na askofu linahitaji daftari kuliko kanisa lenye askofu.

Watu wa Biblia hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Someni Wafalme wa Pili, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuziba nyufa za hekalu. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, nyufa zikiwa palepale. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba, na mimi sisemi. Fedha iliingia, kazi haikufanyika, na hakuna aliyeweza kuonyesha ilikopita. Sote tumewahi kuona mradi wa aina hiyo. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kulia wa mtu aingiaye. Lilipojaa, walikuja watu wawili wa ofisi mbili tofauti, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu na kuifunga fedha mifukoni. Kutoka hapo ilikwenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua mbao na mawe.

Najua kuna mzee atakayenikumbusha mstari wa 15 wa sura hiyohiyo, kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli, mzee wangu, umeusoma vizuri. Lakini tazama imani hiyo ilikaa wapi katika mfuatano wa mambo. Kwanza kasha lilikuwa mahali pa wazi, kisha watu wawili wakahesabu, kisha fedha ikafungwa, na baada ya hayo yote ndipo fundi akaaminiwa. Kwetu mara nyingi tunaanza na kuaminiana, na kasha hatulitoboi kabisa.

Mtume Paulo naye alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alikataa kubeba mfuko peke yake. Katika Wakorintho wa Pili, sura ya 8, anaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe asafiri nao, ili asiwepo wa kuwalaumu, maana alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na pia mbele za watu. Lile neno la kwamba mchungaji ni mpakwa mafuta na haulizwi, wenye kulisema hutaja Daudi alivyokataa kumgusa Sauli. Wasiishie hapo. Nathani alimkabili Daudi mwenyewe, mpakwa mafuta kamili. Na Samweli, aliyewapaka mafuta wote wawili, alipozeeka alisimama mbele ya taifa akauliza ni ng'ombe wa nani amemtwaa, ni nani amemdhulumu, rushwa ya nani ameipokea. Aliuliza yeye, kabla hajaulizwa. Wachungaji wangu, igeni hilo.

Hapa milimani kuulizana hadharani si jambo geni hata kidogo. Kabla ya misheni, wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu, wakila pamoja watu wa ukoo mmoja na kuyazungumza hapo hapo ya shamba, ya chakula na ya ugomvi. Na leo angalia tunavyokuwa kwenye AMCOS. Mtu husimama karibu na mizani jicho likiwa kwenye mshale, hadai shukrani, anadai stakabadhi. Kwenye mkutano mkuu makato yakisomwa tunanyoosha mikono kumi kwa wakati mmoja, na mwenyekiti anatokwa jasho. Hakuna anayetuita wasaliti wa ushirika. Watu haohao, Jumapili, hutoa fungu la kumi la fedha ileile na kurudi nyumbani bila kuuliza, wakidhani ndiyo utakatifu.

Ziwani wanajua pia ng'ambo yetu ilipitia nini watu walipoamini bila kuchunguza. Mwaka 1908 na 1909 Elliot Kamwana alihubiri upande wa Bandawe, Nyasaland ya wakati ule, akabatiza maelfu ya watu waliochoshwa na ada za shule za misheni na kungoja ubatizo miaka mingi. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini aliwaambia pia kwamba Kristo angerudi mwaka 1914, na mwaka huo vilikuja vita. Waberoya wa Matendo sura ya 17 walisifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo mwenyewe yalikuwa kweli. Siku hizi gharama ya kutochunguza imepanda. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Shakahola, Kenya, kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Mungu, watoto wakiwamo. Sitaji haya kuwatisha kina mama wanaofunga Ijumaa. Nayataja kwa sababu kanisa lililozoea kuuliza swali dogo la bei ya misumari lina ulimi tayari siku ya swali kubwa.

Sheria nayo iko upande wetu. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, lakini kanisa husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, kwa Msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani, likiwa na katiba yake. Wangapi kati yetu wameiona katiba ya kanisa lao? Mara nyingi iko kwenye begi la mtu mmoja. Iombeni, isomwe siku hiyohiyo ya hesabu. Pengine mtakuta imeshaagiza haya ninayoyaomba.

Kwa mchungaji anayesoma haya kwa moyo mzito, neno moja. Wengi wenu mnachimba mashimo yenu ya ngoro shambani Jumatatu hadi Ijumaa kama sisi, na bado kilabuni wanasema mnakula sadaka. Daftari likisomwa, kijiji kitasikia mchungaji alipata kiasi gani kwa mwaka, na nadhani watakaoinamisha vichwa ni waumini. Paulo aliandika kwamba wanaoihubiri Injili wapate riziki kwa Injili. Posho iliyopitishwa na mkutano na kuandikwa ni heshima kuliko bahasha ya kificho.

Kwa hiyo tufanye hivi. Jumapili inayofuata malipo ya mwisho ya kahawa, ibada ifupishwe, watoto wakae, na kitabu kifunguliwe. Siku zote sadaka ihesabiwe na watu wawili wa kaya tofauti, hapohapo kanisani, wote watie sahihi. (Mke wa mchungaji ni mama yetu na tunampenda, asiwe mhazini.) Fedha za simu nazo ziingie kitabuni, maana watoto wetu walioko Songea na Dar es Salaam hutuma mchango wa bati kwenye namba binafsi ya mchungaji, na ujumbe unafutika kabla haujaandikwa. Meseji isomwe Jumapili hiyohiyo, au kanisa lifungue akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Wazee wawe zaidi ya mmoja, kama Paulo na Barnaba walivyoweka wazee katika kila kanisa, na mashtaka juu ya mzee yasipokelewe kwa uvumi, yaje na mashahidi wawili au watatu kama Timotheo alivyoagizwa.

Majirani Wakatoliki na Waanglikana waliochangia harambee ya bati waalikwe. Walitoa fedha zao. Wana haki ya kusikia misumari ilinunuliwa kilo ngapi. Wakatoliki wamezoea jumuiya ndogo ndogo kwa muda mrefu, na huenda wana mwanajumuiya aliyezoea kuweka vitabu ambaye atatufundisha bila kutudharau.

Nimeshasikia udhuru mmoja: mhazini wetu ni mzee, macho hayaoni, na kusoma mbele ya watu anaona haya. Basi asisome yeye. Kila kanisa lina binti au kijana wa sekondari aliyerudi likizo. Apewe kitabu Ijumaa akijumlishe kwa penseli, mzee akiwa kando yake kumweleza mwandiko, na Jumapili asimame asome mstari kwa mstari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nani anakishika. Asiyeelewa anyooshe mkono.