Minazi 240 na Hesabu ya Darasa la Tano
Na Athumani Mwinshehe

Watoto wa darasa la tano, katika shule nyingi za Bara, wamefikia muhula huu mlango wa Hisabati unaofundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Na mzazi atakayefunua daftari la mwanawe jioni ataikuta kanuni imenakiliwa kwa hati safi, kwamba itafutwe kwanza KDS (kigawe kidogo cha shirika), kisha igawanywe kwa kila asili, na kipatikanacho kizidishwe kwa kiasi chake, ilhali chini ya kanuni hiyo hiyo kalamu nyekundu imekata mazoezi matatu kwa mfululizo. Kosa lenyewe aghalabu ni moja: mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hata 1/8 na 1/6 zikamzalia 2/14.

Simlaumu mtoto, wala mwalimu wake, ambaye darasa limemfurika na silabasi haimngoji. Niombalo ni kwamba, kabla ya kukaririshwa kanuni, mtoto apewe mali ya kugawa.

Na mali hiyo ipo. Katika miji ya mwambao, tangu Tanga na Pangani hata Bagamoyo na Kilwa, wazee wetu waligawa mirathi kwa sehemu hizi hizi pasipo ubao wala chaki. Tuseme amefariki mtu, akaacha mke, mama mzazi na mtoto mmoja wa kiume, na baada ya deni na wasia kutolewa pakabaki shamba la minazi 240. Sharia humpa mke thumuni na mama sudusi, na mtoto, kwa kuwa ni asaba, hutwaa kilichosalia. Thumuni ni minazi 30, sudusi ni minazi 40. Jumla 70, na 170 ni ya kijana. Hapo ndipo KDS inapopata maana, kwani 24 ni namba ndogo kuliko zote igawanyikayo kwa 8 na kwa 6 pasipo baki: shamba likikatwa mafungu 24 ya minazi kumi kumi, mke atachukua 3, mama 4, na kijana 17. Lakini lile jibu la 2/14 lingewapa wanawake wote wawili minazi 34 na ushei, nayo haifikii hata haki ya mama peke yake. Mtoto aliyeliona hili kwa minazi hahitaji tena kalamu nyekundu imwambie kuwa amekosa.

Wala njia hii si bidaa katika elimu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alipotunga kitabu chake mashuhuri cha aljebra, fungu kubwa la kitabu hicho alilitia masuala ya wasia na mirathi. Kwa mtoto wa dini nyingine, pishi ya mchele yatosha: kibaba ni robo yake, na nusu kibaba ni thumuni.

Basi mzazi ambaye KDS imemtoka kichwani asione haya kuketi na mwanawe. Na amwachie kanuni mwalimu. Yeye amuulize tu, kwa upole, mama wa marehemu amepata minazi mingapi, na kwa jibu hili uliloandika, mjane amebakiwa na nini.