Esansi ya Bei Kubwa

Waendeshaji wa pikipiki wa hapa Kindu wametuuliza: je, yafaa kuongeza fedha ili kununua esansi iliyo bora kuliko ya kawaida, kwa safari za kila siku? Swali hili ni la haki. Jioni mwendeshaji hana budi kumpelekea mwenye pikipiki fedha walizopatana, na kila faranga inayozidi katika esansi hupungua katika sufuria ya nyumbani.

Kwanza tujue ni kitu gani kinachouzwa. Ubora huo hupimwa kwa namba ya oktani. Ndani ya silinda, hewa na esansi hugandamizwa, kisha cheche huviwasha. Mgandamizo ukiwa mkubwa mno, esansi ya oktani ndogo hulipuka yenyewe pasipo kungoja moto wa cheche uifikie, na injini hugonga kama nyundo. Basi oktani yaonyesha ustahimilivu tu. Haiongezi nguvu wala mwendo. Injini isiyogandamiza sana, kama zilivyo nyingi za pikipiki zetu, haipati faida. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu magari yaliyoundwa kwa esansi ya kawaida, kikaona kwamba ile ya bei kubwa haiyafaidii kitu. Kitabu cha injini kikidai oktani kubwa, hapo ni neno jingine: kitiiwe.

Lakini kwetu taabu iko mahali pengine. Esansi hufika Kindu kutoka mbali, nayo hupita katika mikono mingi kabla ya kuwekwa katika chupa za Kadhafi wa kando ya njia. Wauzaji waaminifu wapo, tena si wachache. Wapo pia wanaotia mafuta ya taa, ambayo hushusha oktani na kujaza injini masizi. Kuuza mchanganyiko huo kwa bei ya esansi ni kuvunja amri ya saba, hata muuzaji awe wa benchi la mbele kila Dominika.

Kwa hiyo fedha ya ziada, ikiwapo, twaona afadhali apewe muuzaji anayejulikana kwa usafi wa mali yake. Asiyejulikana apimwe: tone moja litiwe juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto. Esansi safi hukauka upesi bila alama. Mafuta ya taa huacha doa. Na chupa iachwe itulie kidogo, kisha itazamwe juani, kwani maji hukaa chini.