Lipu Niliyoipiga Mwenyewe

Wenzangu tunaoandika, nianze na kosa langu ili nikigombana nanyi msiseme najifanya malaika.

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilirudi Kyela, kazi sina, riwaya ninayo: kurasa kumi na moja. Mjomba akanituma nimsaidie fundi kupiga lipu nyumba ya bibi. Ilikuwa ya matofali mabichi. Kila mvua zikiisha bibi aliikandika upya, kisha akaichora kwa vidole: udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Mistari, pembetatu, nukta. Tuliifunika yote kwa siku mbili. Bibi alikaa mgombani akitutazama. "Haya, wajukuu, mmefanya kazi," akasema, akaingia jikoni. Mimi nikadhani kafurahi.

Juzi tulipokutana kusomeana kazi zetu, mwenzetu mmoja akafungua kitabu chenye picha za Madhubani. Eti sisi watu wa ziwani hatukuwahi kuchora. Wenye sanaa ya nyumbani ni Wahindi. Damu ikanichemka. Si kwa sababu ya Wahindi, jamani. Picha zenyewe ni bomba. Lakini hebu tuulize zilifikaje kitabuni.

Wanawake wa Mithila, katika jimbo la Bihar, walichora kuta za udongo za nyumba zao, hasa chumba cha maharusi. Mwaka 1934 tetemeko lilibomoa nyumba, na ofisa Mwingereza, William Archer, akaziona kuta za ndani. Baadaye akazipiga picha, akaziandikia. Ukame ulipobana katikati ya miaka ya 1960, bodi ya serikali ya kazi za mikono ilimtuma msanii Bhaskar Kulkarni awagawie wanawake hao karatasi, wachore wauze. Mwaka 1975 mmoja wao, Jagdamba Devi, alitunukiwa nishani ya taifa, Padma Shri. Muujiza uko wapi hapo? Karatasi, bei, na jina la mchoraji. Basi.

Sasa twende Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko, Jumamosi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone huleta vyungu kwa mitumbwi. Tazama mapambo meupe na mekundu yanavyozunguka shingo ya chungu. Vyungu hivyo husafiri hadi Mbeya na Dar es Salaam. Muulize aliyekipamba sebuleni: kakifinyanga nani? "Mama mmoja wa Kikisi." Mama mmoja!

Lakini Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, jina lake limekuwa jina la sanaa nzima. Anastahili. Ila alichora kitu kinachobebeka, mjini, mbele ya wageni wenye pesa. Mwanamke akichora ukuta wake mwenyewe tunasema anasafisha nyumba. Hapo ndipo ninapogomba.

Najua mtanijibu: saruji ni maendeleo. Sijaikataa. Kyela mafuriko tunayajua, na ukuta wa udongo ukilowa unakwenda na maji. Bibi asingekaa kwenye tope ili mimi nifurahie michoro. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na daftari ndani, na kalamu, nikafunika ukuta mzima bila kunakili mstari mmoja. Najiita mwandishi! Sikumuuliza hata zile pembetatu zinaitwaje.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaleta shairi jingine la Mama Afrika, nenda kwa mama mmoja mwenye jina. Muulize udongo anauchimba wapi, nani alimfundisha, na kwa nini nukta ziko tatu wala si nne. Akikuruhusu, andika jina lake lote, na la kijiji chake. Ukinunua chungu chake, mlipe bei anayotaja, acha kumkamua.

Mimi nimeanza. Macho ya bibi yamefifia, lakini jioni ananichorea mavumbini uani, nami nanakili upesi kabla kuku hawajapita. Zimefika kurasa nne, nyuma ya zile kumi na moja. Riwaya ingoje.