Gawio Limetoka Wapi?

Wengi wetu siku hizi tuna hisa, ama katika makampuni, ama katika vyama vyetu vya akiba na mikopo. Mkutano mkuu ufikapo, swali huwa ni moja tu: mwaka huu gawio ni kiasi gani? Ni nadra kusikia mtu akiuliza limetoka wapi.

Yafaa tutambue kwamba faida iliyoandikwa vitabuni siyo fedha iliyomo benki. Kampuni ya ujenzi, mathalani, huweza kuhesabu faida ya jengo ambalo mteja bado hajalilipia. Sheria huruhusu gawio litokane na faida. Lakini hulipwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo hizo zinangojewa na wafanyakazi, wauzaji wa vifaa na waliokopesha. Kwa hiyo wakurugenzi hawana budi kupima madeni na masharti yake, mitambo inayochakaa, mipango ya upanuzi na kodi. Tena ipo hofu, ambayo haimo katika hesabu: gawio likipunguzwa, soko hudhani kampuni inaugua, na bei ya hisa huanguka. Kwa maoni yetu, hofu hiyo ni mshauri mbaya kuliko wote.

Tazameni yaliyoipata Carillion, kampuni ya ujenzi na huduma ya Uingereza, iliyofilisika tarehe 15 Januari 2018. Mwaka hata mwaka ilipandisha gawio, na wakuu wake wakajivunia jambo hilo. Gawio la mwaka 2016 lilifikia paundi milioni 79, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Milioni 55 kati ya hizo zililipwa Juni 2017. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba thamani ya mikataba yake ingepunguzwa kwa paundi milioni 845. Ilipoanguka ilikuwa na madeni na wajibu wa karibu paundi bilioni 7, na fedha taslimu milioni 29 tu.

Ni nani basi aliyelipia magawio yale? Wakandarasi wadogo walikuwa wamewekewa masharti ya kungoja malipo yao hadi siku 120. Mifuko ya pensheni, yenye wanachama wapatao 27,000, ilikuwa na upungufu mkubwa kwa miaka mingi, na wasimamizi wake walipodai michango zaidi, kampuni iliwakatalia. Mwenye hisa alitangulia mezani; aliyetoka jasho akangojea mlangoni.

Hatusemi kwamba gawio ni dhambi. Mjane aliyewekeza akiba yake anastahili matunda yake, na kampuni inayorundika fedha bila mpango nayo yapasa kuulizwa. Lakini katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kupiga makofi, mwombeni mweka hazina asome kwa sauti mambo matatu: fedha taslimu zilizoingia mwaka huo, mikopo iliyochukuliwa, na michango ya pensheni ya wafanyakazi ambayo bado haijapelekwa.